Kampuni, serikali, redio ya jamii au simu: mkazi wa Lamu ategemee nani?

Uchaguzi wa Agosti 2027 haujafika, lakini ubishi wake umeshafika. Ukikaa barazani Mkunguni, hapa mjini Lamu, baada ya swala ya alasiri utasikia watu hawabishani juu ya wagombea tu, wanabishana pia juu ya aliyeleta habari. Mmoja anaapa kwa Citizen, wa pili haamini ila KBC, shirika la utangazaji la taifa, na kijana wa pembeni ana video kwenye simu inayowakanusha wote wawili. Kila mmoja anataka kujua nani anasema kweli.

Mimi naona tungeuliza jingine. Chombo chenye leseni hakipati faida kubwa kwa kusema uongo wa wazi: kitashtakiwa, kitalazimika kuomba radhi, kitachekwa na wapinzani wake. Kinachomfaa mwenye chombo ni kimya. Habari isiyosomwa haina wa kuikanusha, na asiyeisikia hajui kwamba ameikosa. Kwa hivyo nikilinganisha vyombo hapa chini, sitazami nani ana sauti nzuri au picha safi. Natazama nani anakilipia, nani anaweza kukizima, na kwa sababu hiyo kinanyamazia nini. Hapo ndipo umiliki unapoigusa kura yako.

Na sisi wa Lamu tuna sababu kuliko wengi. Machi 2, 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walizindua hapa kwetu mradi wa LAPSSET, wa bandari na njia za kuiunganisha na nchi hizo mbili. Wavuvi wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi. Ukizisoma hukumu hizo mbili utaona zimesimama juu ya nguzo moja: wananchi hawakuelezwa wala kushirikishwa inavyotakiwa. Kesi kubwa kabisa tulizoshinda zilihusu habari. Nani aliambiwa, lini, na kwa namna gani aweze kuelewa na kujibu.

Kampuni kubwa za Nairobi

Tuanze na wakubwa. Nation Media Group iliasisiwa na Aga Khan mwishoni mwa miaka ya 1950, na mfuko wake wa maendeleo ya kiuchumi ndio ulioshika hisa nyingi zaidi kwa miongo mingi. Ndiyo inayotoa Taifa Leo, gazeti la pekee la kila siku kwa Kiswahili nchini Kenya. The Standard lilizaliwa Pwani, Mombasa, mwaka 1902, likiwa la mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, likapita mikononi mwa Lonrho ya Uingereza, na tangu miaka ya 1990 limehusishwa na familia ya Moi. Royal Media, yenye Citizen TV na Radio Citizen, ni ya S. K. Macharia. Mediamax, yenye K24 na Milele FM, imehusishwa na familia ya Kenyatta.

Sasa weka majina hayo kando ya kalenda. Kati ya 2013 na 2022, Uhuru Kenyatta alikuwa Ikulu na Gideon Moi alikuwa seneta wa Baringo na mwenyekiti wa KANU. Macharia naye hakuficha kwamba alimuunga mkono marehemu Raila Odinga. Sheria yetu ya habari na mawasiliano hairuhusu chama cha siasa kupewa leseni ya utangazaji, lakini haimzuii mwanasiasa wala familia yake kuwa na hisa. Chama kimefungiwa mlango wa mbele, na mwenye chama akaachiwa wa nyuma.

Pamoja na hayo, siwezi kuwadharau. Wana kitu ambacho hakuna mwingine anacho: pesa za kuwalipa mawakili, na jina linaloifanya serikali ifikirie mara mbili. Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia Standard na televisheni yake ya KTN usiku, wakachoma magazeti na kuzima mitambo. Gazeti likarudi mitaani. Januari 30, 2018, Raila alipoapishwa Uhuru Park kuwa “rais wa wananchi”, serikali ilizima Citizen, NTV ya Nation na KTN News, na ilichukua siku kadhaa kuzirudisha ingawa mahakama ilikuwa imeshaamuru. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakatwe, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo. Redio ndogo ikipigwa pigo kama hilo haiinuki. Habari ya uovu wa serikali kuu, ya Ikulu, ya polisi, ya wizi wa mabilioni, hawa ndio wenye kifua cha kuibeba.

Lakini kimya chao kipo, na kimeandikwa. Gado, mchoraji vibonzo aliyejulikana Afrika nzima, aliondoka Nation baada ya kibonzo cha 2015 kilichomhusu Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania. Januari 2016 mhariri Denis Galava alifutwa kazi katika kampuni hiyo hiyo kwa tahariri ya mwaka mpya iliyomkosoa Rais Kenyatta. Machi 2018 waandishi wanane wa safu zake walijiuzulu kwa pamoja wakisema uhuru wa uhariri umebanwa. Mtu mmoja kuondoka ni jambo la ofisi. Wanane kwa mpigo ni dalili, na kila mhariri aliyebaki alijua mstari umechorwa wapi.

Kisha kuna Februari 2015. Wakati wa kuhamia mitambo ya dijitali, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu, kwa sababu wenyewe walitaka kupewa mitambo yao ya kurusha badala ya kutegemea kampuni nyingine. Huenda madai yao yalikuwa na haki. Ila jiulize: mtazamaji wa Lamu angemsikia wapi mtu wa upande wa pili akihojiwa kwa uzito ule ule? Mwenye chombo anapokuwa yeye mwenyewe ndiye habari, mpe sikio moja tu.

Pesa za matangazo ndizo zinazofanya kazi hiyo kimyakimya kila siku. Serikali ndiye mteja mkubwa, na mara nyingi ndiye mdaiwa mkubwa pia. Vyombo vimelia kwa miaka kwamba havilipwi. Machi 2024 wizara husika iliagiza matangazo yote ya redio na televisheni ya mashirika ya umma yapelekwe KBC pekee. Agizo hilo lilipingwa mahakamani, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Ongeza mabenki, kampuni za simu na kamari. Kituo kinachokula kwa tangazo la kamari kila nusu saa kitachunguza kamari kwa ujasiri gani? Mwaka 2024 Standard ilitangaza kupunguza wafanyakazi zaidi ya 300, na kampuni ikibana matumizi, kaunti za mbali ndizo zinazoumia mwanzo. Mwandishi wa Lamu aghalabu si mwajiriwa wa kudumu. Hulipwa kwa habari iliyotoka. Boti ya kwenda Kiunga au Faza ni gharama yake, na dawati la Nairobi likiwa linanunua habari za Al-Shabaab na mashindano ya punda, atapeleka hizo, kwa sababu watoto wake wanakula. Simlaumu hata kidogo. Lakini ndivyo kisima kikavu Ndau kinavyokosa kuwa habari.

Tena usidanganyike na wingi wa vituo. Marekani ilipolegeza sheria ya umiliki mwaka 1996, kampuni moja, Clear Channel, ilifikia kuwa na vituo vya redio zaidi ya 1,200. Mwaka 2018 watangazaji wa vituo vya Sinclair, katika miji tofauti kabisa, walisomeshwa taarifa ile ile neno kwa neno, na video zilipowekwa pamoja watu waliona vinywa vingi vikitamka sentensi moja. Oktoba 2024 gazeti la Washington Post, ambalo Jeff Bezos wa Amazon alilinunua mwaka 2013 kwa dola milioni 250, liliacha desturi yake ya kutaja mgombea urais linayemuunga mkono, na Bezos mwenyewe akautetea uamuzi huo. Kwetu hesabu ni fupi zaidi: ukihama Radio Citizen kwenda Bahari FM umebadilisha lafudhi na muziki, hujabadilisha mwenye kituo. Kwa hivyo hesabu wenye vituo, usihesabu vituo.

KBC

Hapa nitapita haraka. KBC ni ya umma kwa sheria na ya serikali kwa mazoea. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inasema vyombo vya dola viwe huru kuamua maudhui yake, visipendelee, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Hilo ni dai ambalo raia anaweza kulipeleka mahakamani, na sijui kwa nini hatulitumii zaidi. Ila mwenyekiti wake huteuliwa na rais, na fedha hutoka Hazina. BBC ya Uingereza, inayotajwa kila mara kama mfano, hulipiwa kwa ada ya kila nyumba yenye televisheni, na hata hiyo huvutana na serikali yake. KBC haina kinga hiyo. Kimya chake unakijua kabla hujawasha redio: ni makosa ya serikali iliyopo, na serikali ikibadilika kimya nacho kinahamia upande mwingine.

Faida yake ni kwamba haihitaji kuuza. Radio Taifa na Pwani FM zitakusomea tangazo la usajili wa kura, chanjo, mitihani au hali ya bahari hata kama halina senti ndani yake. Na Kiswahili chake bado ni cha watu waliofunzwa kazi. Kwa mambo ya utaratibu, KBC. Kwa mambo ya uwajibikaji, hapana.

Redio ya jamii

Huku ndiko moyo wangu uliko, na ndiko ninakotaka msomaji awe makini zaidi.

Sheria inaigawa leseni ya utangazaji mafungu matatu: ya umma, ya biashara na ya jamii. Redio ya jamii hairuhusiwi kugawana faida. Inatakiwa kuwa ya watu inaowahudumia, na wao ndio wawe na sauti katika uendeshaji wake. Kwa karatasi, hakuna umiliki unaoifaa demokrasia kuliko huo. Anayesoma habari unakutana naye sokoni. Anajua Kibajuni kinavyotamkwa Kizingitini na Kiamu kinavyotamkwa Langoni. Fidia ya wavuvi ilipokuwa habari, taifa lilisikia bilioni 1.76 na likaendelea na mengine. Sisi tulikuwa na maswali yaliyokuwa hayajaanza hata kuulizwa: jina la nani limo kwenye orodha, mwanamke anayevua kaa mikokoni anahesabiwa mvuvi au hahesabiwi, fedha taslimu ni kiasi gani na vifaa ni kiasi gani. Maswali ya namna hiyo huulizwa na mtangazaji ambaye ami yake ni mvuvi.

Sasa nieleze nilichokisikia kwenye redio moja ya Pwani ambayo sitaitaja. Kilikuwa kipindi cha asubuhi, cha kupiga simu. Mgeni wa studio ni mkandarasi wa miradi ya kaunti, na kampuni yake ndiyo inayodhamini saa ile; jina lake lilitajwa mwanzo, katikati na kabla ya kila wimbo. Mama mmoja akapiga.

“Asalaam aleikum, mwanangu. Huyo mgeni wako namjua. Muulize darasa la huku kwetu, ukuta umefika dirishani tangu mwaka juzi, na pesa tulisomewa hapo hapo redioni kwamba zimetoka.”

“Waaleikum salaam, mama. Naona mtandao unasumbua kidogo. Tutakupata tena, inshallah.”

Mtandao haukuwa unasumbua. Sauti ya mama ilikuwa safi, hata jogoo wake wa uani tulimsikia. Ukapigwa taarab, kisha tangazo la mdhamini, kisha wakarudi kwenye salamu. Kijana yule hana ubaya wowote. Hapati mshahara, anapata posho, na posho inatoka kwa mgeni aliyekaa mbele yake. Kimya cha redio ndogo ni kimya cha nyumbani. Hakiogopi Ikulu. Kinamwogopa gavana, mwakilishi wa wadi, mkandarasi, mfadhili wa shirika, na wakati mwingine mzee wa ukoo. Mambo yanayotuhusu zaidi, yaani fedha za kaunti na ardhi ya hapa hapa, ndiyo redio ya hapa hapa inayoweza kushindwa kuyasema.

Na udogo peke yake si usafi. Wakazi wa Malindi hawahitaji kukumbushwa. Mhubiri Paul Mackenzie alikuwa akihubiri kupitia Times TV, kituo alichokianzisha mwenyewe, miaka kadhaa kabla ya Aprili 2023, pale makaburi ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Alishtakiwa kwa vifo hivyo na akakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama. Ninachotaka kukisema ni cha umiliki: mtu mmoja akiwa ndiye mwenye kituo, ndiye mhariri na ndiye mhubiri, hakuna wa kumwambia ngoja. Kampuni kubwa ina wanahisa, mawakili, wahariri wanaogombana. Huyu hakuwa na yeyote. Vivyo hivyo kwa redio za lugha za mama wakati wa ghasia za 2007 na 2008: ukaribu na msikilizaji ulitumika na wengine kutuliza, na wengine walilaumiwa kwa kuchochea. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague, na kesi yake ikasimamishwa Aprili 2016 bila kutiwa hatiani. Ukaribu una nguvu pande zote mbili.

Simu

Kijana wa Mkunguni ataniambia yote haya yamepitwa, kwa sababu kwenye kundi la WhatsApp hakuna mwenyewe. Yupo. Meta, yenye Facebook, iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19. Elon Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44 na kuibadili jina kuwa X. Hao hawapigi simu kwa mhariri kumwambia habari gani itoke, kwa sababu hawana mhariri. Kwenye Facebook na X mashine ndiyo inayopanga nini kikutangulie, na inapanga kwa kile kitakachokushika usiondoke. Hasira hushika kuliko bajeti ya kaunti. Kwenye WhatsApp mpangaji ni msimamizi wa kundi, na tumeshaona makundi ya wadi ambamo anayeuliza swali la fedha huondolewa kabla ya magharibi.

Sauti iliyosambazwa mara nyingi haina jina, haina tarehe, haina wa kumshtaki. Kwa usalama wa Lamu hili si dogo. Tangu shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, sauti moja ya dakika mbili inaweza kuwafanya watu wa Hindi au Witu walale msituni kwa jambo ambalo halikutokea, na kesho yake jirani akamtazama jirani kwa jicho jingine. Simu ni nzuri kwa kukushtua kwamba kuna jambo. Kwa kukuthibitishia, haifai.

Kwa jambo gani, chombo gani

Kwa hivyo siwezi kukwambia chagua kimoja kwa yote. Chagua kwa jambo, na kipimo ni hiki: mwenye chombo ana maslahi gani katika jambo hilo?

Mradi mkubwa ukija, wa bandari, umeme au ardhi, nunua gazeti la taifa, na anza na kurasa za matangazo kabla ya habari. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za 2003 zinataka mradi utangazwe kwenye gazeti linalosambaa nchi nzima na kwenye redio, kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na watu wapewe muda wa kutoa maoni. Tangazo hilo hutoka kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza kigumu, siku ambayo hakuna aliyetarajia. Habari yenyewe inaweza isiandikwe kamwe, lakini tangazo lazima lilipiwe na lichapishwe. Mahali pa pili ni Gazeti Rasmi la Serikali, linalosomwa bure kwenye intaneti kila Ijumaa. Mtu mmoja wa kila mtaa akijitolea kulisoma na kulifasiri barazani, tutakuwa tumepunguza nusu ya kushtukizwa kwetu.

Fedha za kaunti ni ngumu kuliko zote, kwa sababu redio ya karibu inamwogopa anayezishika na kampuni ya mbali haioni biashara ndani yake. Hapo usitegemee chombo chochote kama chanzo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kila mwaka, na zote ziko wazi kwa umma. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa raia haki ya kuandikia ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Chukua ukurasa unaohusu Lamu, upeleke redioni mkononi, pigeni simu watu kumi badala ya mama mmoja. Mtangazaji anayeogopa kuuliza swali lake mwenyewe hupata nguvu ya kusoma la Mkaguzi Mkuu, kwa sababu hapo hawezi kuambiwa ametumwa.

Siasa za kitaifa: kampuni mbili zenye wenyewe tofauti, na heri wenyewe hao wawe hawapatani. Sikiliza moja leo, nyingine kesho, na zaidi ya yote tazama habari iliyoko kwa huyu na haiko kwa yule. Kwenye pengo hilo ndipo maslahi yalipojificha.

Matokeo ya urais yanataka maneno zaidi, maana hapa kimya kina historia mbaya. Desemba 30, 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na nchi ikaachwa na uvumi wakati ilipohitaji ukweli kuliko siku yoyote. Agosti 2022 ilikuwa kinyume: tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A, yaani za matokeo ya urais ya kila kituo cha kura, kwenye tovuti yake, na kila kampuni ikajumlisha zake. Siku moja Raila yuko mbele kwenye stesheni hii, William Ruto yuko mbele kwenye ile, kwa sababu kila mmoja alianza na fomu tofauti. Kisha hesabu za televisheni zikapungua mwendo, zikasimama, na watu wakabaki wakitazama namba ambazo hazisogei. Kila fomu iliyokuwa ikihesabiwa ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye bando. Fomu 34A ya kituo chako ni ukurasa mmoja. Mawakala wameitia saini, na nakala hubandikwa mlangoni pa kituo. Ipige picha pale pale, uilinganishe na ile ya tovuti. Televisheni isikufanyie kazi hiyo.

Mtu akinibana nimwambie chombo kimoja tu cha kumtosha mwaka huu, kwa Lamu ningesema redio ya jamii, pamoja na kasoro zote nilizozitaja, kwa sababu ndiyo pekee ambayo msikilizaji anaweza kuibadilisha. Hisa za kampuni za Nairobi huwezi kuzigusa. Bodi ya KBC haikujui. Lakini redio yenye leseni ya jamii inatakiwa iwe na kamati ya watu wa hapa. Nenda studio uulize wajumbe ni kina nani, mkutano wao ni lini, mdhamini wa kila kipindi analipa kiasi gani. Wakikujibu vizuri, changia hata mia moja kwa mwezi, ili kijana wa asubuhi asitegemee posho ya mkandarasi. Wakikuficha, hiyo ni redio ya mtu, isikilize kama unavyoisikiliza ya Nairobi. Kwa ndugu zetu wa Malindi, wenye masafa mengi zaidi ya kuchagua, kanuni ni ile ile ila ianze na swali moja kabla: leseni hii ni ya jamii kweli, au ni ya biashara, au ni ya kanisa au msikiti wa nani? Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni hizo, na barua ya kuuliza ni ukurasa mmoja.